Pampu Haikwenda Msibani

Alhamisi, Septemba ndiyo kwanza imeanza.

Asubuhi ukungu ulilala juu ya msitu wa kreta kama ng'ombe aliyegoma kunyanyuka. Baridi ikatutafuna mpaka kwenye fizi, na mimi kwa fizi sijambo, meno ndiyo haba. Kufika saa nne jua likatoka na mjeledi wake. Sasa ni jioni na vumbi limetulia. Mimi sijatulia.

Nina hasira. Si ile ya kumkunja mtu shati, hiyo magoti yangu yalishaikataa. Hii ni hasira ya kumtafuta mkosaji kijiji kizima, unapiga hodi kila mji, halafu unarudi kwako unamkuta ameketi kwenye kigoda chako, amevaa koti lako.

Leo tumemzika Mzee Duwe. Alikuwa jirani yangu hapa Karatu, upande huu wa mashamba yaliyo chini ya msitu wa Ngorongoro, na tumebishana tangu tuko wachunga mbuzi. Ameondoka na ubishi wetu wa mwisho haujaisha, na kwa ninavyomjua amefanya makusudi.

Sasa sikia, shajara, maana wewe huko kwenye simu huna wazee wa kukufundisha mila. Kwetu siku ya maziko jembe halishikwi. Ardhi inafunguliwa kwa ajili ya mtu, basi siku hiyo haipigwi tena kwa ajili ya tumbo. Hulimi, hupalilii, hufungi maksai. Hata ukiona gugu limesimama katikati ya maharage linakucheka, unaliacha licheke mpaka kesho yake. Anayevunja analipa kondoo. Si kondoo wa kusukumwa kwa fimbo, ni kondoo mzima asiye na kilema, na wazee wanamla palepale huku mkosaji akiwakatia nyama. Nimeshakula kondoo wa namna hiyo na walikuwa watamu. Nyama ya kosa la mwenzio haihitaji chumvi.

Na mila hii watu waliishika mpaka kwenye mashine. Enzi za pampu za petroli, kukiwa na msiba kijito chote kinanyamaza. Unaamka, husikii ule mtutumo bondeni, unamwambia mkeo: kuna mtu ametutoka. Kimya kilikuwa ndiyo tangazo.

Leo hakikuwepo kimya.

Niseme kwanza habari ya pampu, usije ukaniona mzee anayechukia vitu vipya. Mimi vitu vipya navipenda. Darasa la nne nililiacha likiwa bado linanihitaji, lakini simu naitumia, na ukurasa huu mjukuu wangu alinifungulia ili bibi yake apumzike kidogo na maneno yangu. Mwanangu Tluway, dereva wa watalii, ndiye aliyeniletea pampu ya sola. Alikuja nayo juu ya gari, wazungu wawili ndani wanashangaa, akaifunga kando ya kijito, akageuza sola ikalitazama jua, na maji yakapanda shambani kwangu bila kelele, bila moshi, bila mimi kwenda mjini na dumu. Nilicheza. Mke wangu, Mama Tluway, aliniona nikicheza na mpaka leo hajaacha kunisimulia.

Petroli ilikuwa inatutesa. Moshi wake ulikuwa unatua kwenye sukuma wiki, unakula mboga unacheua kama lori. Oili inadondokea kijitoni, maji yanapata rangi za kanga. Nani ataililia?

Mimi. Leo mimi naililia kidogo.

Maana petroli ilikuwa kama mama mkwe. Humpendi sana, lakini akiwepo unakaa vizuri. Ukimwaga dumu kwenye tangi, unajua kabisa hapa nimwagilie vitunguu tu, migomba isubiri Mungu. Dumu likiisha umeisha na wewe, unajikalia kivulini, na yale maji ambayo hukuyavuta yanaendelea na safari yake kwenda kwa wenzio. Hakuna aliyekuzuia. Bei imekuzuia.

Ndiyo maana kamati yetu ya mfereji, ilipopanga zamu za maji zamani, iliwawekea zamu wanaofungulia mfereji kwa jembe tu. Wenye mashine waliachwa wavute watakapo. Wazee walisema, huyo petroli yake ndiyo zamu yake. Na walisema kweli. Halafu petroli ikaondoka, sola zikaingia, nikaanza mimi, akafuata jirani yangu Baha, wakafuata wengine mpaka kijito kikawa na vioo pande zote mbili, ukipita saa sita unafumba macho. Kanuni ikabaki ileile. Wenye mashine hawana zamu.

Na jua halina dumu.

Likichomoza, zinaanza. Likizama, zinaacha. Katikati hapo mwenye shamba anaweza kuwa gulioni, kanisani, kilabuni au kitandani, maji yanapanda tu. Vitunguu vikishiba yanakwenda kwenye migomba. Migomba ikishiba yanakwenda kwenye majani ya ng'ombe. Mimi yangu yalipokosa pa kwenda nikayachimbia bwawa, nikaweka bata. Nilikuwa najisifu nalo. Jioni nakaa kwenye kigoda nawatazama bata wanavyopiga mbizi, najiona na mimi nina loji.

Loji yenyewe iko hapo kilimani. Tluway ananiambia kwenye bafu zao kuna kikaratasi kinachowaomba wageni wasitupe taulo chini kila siku, wayaonee huruma mazingira. Mgeni anakisoma, anaguswa, anatundika taulo lake vizuri, halafu anatoka nje anajitumbukiza kwenye bwawa la kuogelea. Nilimcheka sana mgeni huyo. Nilimcheka nikiwa nimekaa kando ya bata wangu.

Aliyenikata kicheko ni dada yangu Paskalina.

Paskalina ni mkubwa wangu, mjane, shamba lake liko chini kabisa ambako kijito kinamalizikia. Hana pampu. Ana jembe, ana zamu yake ya mfereji, na ana vitunguu ambavyo ndiyo ada ya mjukuu wake na ndiyo chakula chake mpaka mvua za vuli zije na mahindi yafuate. Wiki iliyopita zamu yake ilifika, akafungulia mfereji, ukatoka upepo. Basi mwanamke huyu, pamoja na nyonga yake mbovu, akakifuata kijito kwenda juu, shamba kwa shamba, anachungulia maji yanaishia wapi, mpaka akafika kwangu. Nikamwona anasimama kando ya bwawa, ameegemea jembe, anatazama.

"Karibu dada," nikasema.

Hakujibu salamu.

"Tarmo," akasema, "hawa bata wako wanaogelea ndani ya vitunguu vyangu."

Akageuka, akaondoka. Chai hakunywa. Mama Tluway alikuwa ameshaweka sufuria jikoni, akanitazama kwa jicho ambalo sitalieleza humu.

Kesho yake nikazima. Nikasema mimi ni muungwana, mapema asubuhi nikachomoa waya, nikakaa na kifua mbele kumsubiri dada anishukuru. Maji niliyoyaacha yakatembea mbele kidogo, yakafika kwenye mpira wa Baha, yakapanda shambani kwa Baha. Pampu yake ilikuwa inavuta hewa na tope, sasa ikashiba ikaanza kuimba. Nikamwendea.

"Baha, mimi nimeyaacha yashuke kwa Paskalina."

"Nimeona, Mzee Tarmo, na Mungu akubariki."

"Sasa mbona unayachukua?"

"Mzee wangu, nikiyaacha mimi atayachukua anayenifuata. Yule wala humjui vizuri. Si bora niyachukue mimi jirani yako?"

Mtu mwenye darasa la saba kanifunga goli na mimi nimesimama langoni.

Siku iliyofuata nikawasha tena.

Ndiyo, niliwasha. Nilijiambia, kama hayafiki kwa dada kwa vyovyote vile, basi bata wamekosa nini? Nimeiandika hapa kwa sababu humu hakuna anayeweza kunitazama kwa lile jicho.

Sasa leo.

Tuko kwa marehemu, watu wamejaa, jeneza liko uani. Katekista anasoma. Anasoma vizuri, ana sauti ya kutuliza ndama. Anafika mahali pa kunyamaza ili kila mtu amwombee marehemu moyoni. Tukanyamaza wote, hata watoto.

Bondeni ukapanda mlio.

Ni mdogo, kama nyuki aliyefungiwa kwenye kopo. Mmoja, halafu sikio likizoea unasikia mwingine, na mwingine. Pampu zote zinafanya kazi. Kijiji kizima kimevua kofia kwa ajili ya Duwe, na kijito chote kinafanya kazi. Nikainua jicho moja nikawaona wanaume wenye pampu wanatazama viatu vyao. Nami nikaangalia vyangu. Mlio wa karibu kuliko yote ulikuwa wa pampu yangu, naujua, una kamkwaruzo ka mwishoni.

Hakuna aliyenyanyuka kwenda kuzima. Nani anatoka katikati ya sala? Na ukitoka wewe, umekiri.

Mungu naye hakuliacha hapo. Akina mama waliokuwa wanapika walimaliza maji, wakatuma mabinti kivukoni pale chini kama ilivyo siku zote. Mabinti wakarudi na ndoo za tope. Bomba la kijiji lilikuwa limefungwa, mwenye ufunguo yuko msibani na ufunguo uko kwake nyumbani, ng'ambo ya korongo. Basi akina mama wakatazamana, na mmoja wao, ambaye namfahamu kwa sababu nimemwoa, akasema maji yapo tele kwa Mzee Tarmo. Wakachota kwenye bwawa. Hivyo, shajara, vyombo vya msiba wa Mzee Duwe vimeoshwa kwa maji ya bata wangu, na kila mwanamke aliyepita mbele yangu na ndoo aliniamkia kwa heshima kubwa mno.

Tulipokwisha kufukia na kula, wazee tukakaa kwenye mabenchi kama desturi, kumalizia mazungumzo. Hapo wanawake huwa hawasimami kusema. Paskalina akasimama. Ana umri wa kutosha kwamba hakuna aliyethubutu kumwambia kaa.

"Nina swali dogo," akasema. "Leo nani ameshika jembe?"

Wazee wakatikisa vichwa, hakuna.

"Vizuri. Sasa nani amemwagilia?"

Safari hii hakuna kichwa kilichotikisika.

Baha ndiye aliyejitosa. Ana ulimi, kijana huyu, na namwita kijana kwa sababu ana wajukuu wachache. "Mama Paskalina, kwa heshima zote. Mimi tangu alfajiri niko hapa, nimechimba kaburi kwa mikono hii. Jembe langu limetundikwa ukutani. Aliyefanya kazi bondeni ni jua. Kama ni faini, jua ndilo lilipe kondoo."

Watu wakacheka. Msibani wanacheka, na mimi nikacheka, kwa sababu ilichekesha, na kwa sababu kicheko kilinifaa.

Aliyekuwa hacheki, ukimwacha dada, ni Lekishon. Lekishon ni Mmasai wa Olbalbal, kule chini nyuma ya kreta. Yeye na marehemu walikuwa wakibadilishana mahindi kwa mbuzi miaka na miaka, na jana alitembea kutwa kuja kumzika. Alikuwa amejifunga shuka lake, fimbo katikati ya magoti.

"Msicheke sana," akasema. "Sisi tulikuwa na kisima cha jenereta. Dizeli ikiisha, maji hakuna, tunahamisha ng'ombe. Tunatukana, tunahama. Nyasi za pale zinabaki zinapumua. Wakatuletea ya jua. Tukafurahi, tukachinja. Sasa maji hayakatiki, na ng'ombe hawahami. Wamesimama palepale mwaka mzima. Nyasi zimekwisha mpaka mizizi. Tuna maji mazuri kabisa, tunachungia vumbi."

"Kwa hiyo unataka tusali jua lisitoke?" Baha akamwuliza.

"Mimi nataka mtu wa kulizima."

"Halizimiki, mzee."

"Si hilo la juu. Hilo la kwako."

Hapo nilidhani tumefika. Nilimwona mwenyekiti wa kamati ya mfereji anakuna kidevu, nikasema leo leo! Mwenyekiti akasimama, akatoa pole tena kwa wafiwa, akasema jambo hili ni zito na ni geni. Je, pampu ni jembe au si jembe? Wazee wa zamani hawakutuachia neno juu ya sola. Yeye anaona tusubiri mtaalamu wa umwagiliaji aje kutushauri.

Mtaalamu huyo alishakuja. Binti mzuri, mwenye adabu, alituamkia wote. Akatupiga picha tukiwa tumesimama mbele ya sola zetu kama watoto wa ubatizo, akasema nishati hii ni safi, haina moshi, haiharibu mazingira. Na hakusema uongo. Moshi hauna. Nani atabisha? Mimi niliyeona miti ya milima hii ikishuka kwa mkokoteni kwenda kuwa mkaa, nitasema jua ni baya? Dumu la petroli silitaki lirudi. Mkaa siutaki. Ninachosema ni kwamba binti alikuja kijito kikiwa kimejaa, akatazama juu, akaona jua, akafurahi. Hakutazama chini. Na sisi wenye macho ya kila siku, tunaopita kivukoni tukiona mawe yanazidi kutoka nje kama mbavu za punda, hatukumwambia kitu. Tulikuwa tunatengeneza kola tupigwe picha.

Shida yetu haikuwa moshi peke yake. Shida ni sisi tukipewa kitu kisicho na mwisho. Tulikuwa tunajizuia kwa sababu ya mfuko, tukadhani tunajizuia kwa sababu ya tabia njema. Mfuko ulipopumzika, tabia njema haikuonekana kokote. Nimeitafuta hata kwangu.

Mwenyekiti akafunga kikao. Watu wakanyanyuka. Baha akaniambia, "Pole na msiba, Mzee Tarmo," kwa sauti ya mtu aliyeshinda kesi.

Nikamfuata dada shambani kwake. Hakunikaribisha, lakini hakunifukuza, na kwa Paskalina hiyo ni karamu.

Sikuwa nimefika pale muda mrefu. Hilo nalo baya. Majaruba ya chini yamekwisha: ardhi imepasuka, majani ya vitunguu yamelala manjano, ukivuta kimoja kinatoka bila ubishi, kidogo kama golori. Majaruba ya juu bado yana kijani, vichwa ndiyo vinajaza, na huu ndio wakati wenyewe ambao kitunguu kinataka maji kuliko wakati wowote. Dada akachuchumaa, akachimbua kimoja, akakifikicha udongo kwa kidole gumba.

"Hivi vikipata maji mpaka Jumapili, vitakuja," akasema. "Visipopata, nang'oa vyote nauza majani kwa wenye vibanda vya chipsi. Na mtoto arudi nyumbani."

Mjukuu wake yuko kidato cha pili. Anasoma kweli, si kama sisi tuliokuwa tunapasha benchi joto.

Nikamwambia, dada, nisamehe, mimi nilizima, maji yakaishia kwa Baha. Akaniambia anajua, aliona. Anaona kila kitu kutoka huku chini, alisema, kwa sababu kila kitu kinamfikia mwisho.

Halafu akasema neno ambalo ndilo limenifanya niwashe simu nianze kuandika kabla sijavua viatu.

"Mwambie Tluway aniletee na mimi hiyo pampu."

"Dada, huku chini hakuna maji ya kuvuta."

"Nitaenda kuifunga juu, kule yanapotokea msituni. Juu yako wewe. Juu ya Baha. Juu ya wote. Nivute mimi wa kwanza, mbaki mnatazama."

Hakuwa anatania. Dada yangu utani aliniachia mimi wote, akabaki na akili. Na hesabu yake imenyooka. Kama huo ndio mchezo, ndivyo unavyochezwa. Na baada yake atakuja mwingine afunge juu yake, mpaka tuingie msituni wenyewe tukinyonya jiwe.

Nikamwambia anipe mpaka Jumapili. Akasema, "Jumapili asubuhi au jioni?" Nikasema asubuhi. Akarudi kwenye vitunguu vyake.

Njiani nilikuwa natukana peke yangu. Nimemtukana Baha, nimemtukana mwenyekiti, nimemtukana hata Duwe kwa kufa wiki hii. Pampu ni jembe au si jembe! Tusubiri mtaalamu! Kitunguu kina siku ngapi za kusubiri mtaalamu? Na mbaya zaidi ni hili: najua kabisa kwa nini hakuna mzee aliyesimama kusema pampu ni jembe. Angesimama leo, leo hii angelipa kondoo. Tulikuwa mahakimu na washitakiwa kwenye benchi moja.

Mama Tluway alikuwa jikoni. Nikakaa karibu naye, nikamwambia yote, ya dada, ya Jumapili, ya kidato cha pili. Akawa anageuza ugali tu.

Nikasema, "Wakikubali kwamba pampu ni jembe, basi wenye pampu nao wataingia kwenye zamu kama wenye majembe. Kila mmoja na siku yake, siku nyingine anazima. Maji yatashuka. Lakini hawatakubali, maana anayekubali analipa."

Akasema, "Wanataka mtu atangulie."

"Ndiyo hivyo."

"Na wewe leo umeshika jembe au hukushika?"

Mwanamke huyu ni hatari. Miaka yote hii naishi naye na bado ananikuta mlango wazi.

Kwa mbali nilisikia kondoo wetu wanakohoa bandani. Wazo likaja polepole, kama mzee anayepanda ngazi, lakini likafika. Mimi si lazima nisubiri nishitakiwe. Mtu anaweza kujishitaki. Nikienda kesho asubuhi kwa mwenyekiti, na kondoo mkononi, nikasema, mimi Tarmo jana nilishika jembe siku ya maziko, jembe lenyewe ni la jua, hii hapa faini yangu, watafanya nini? Wakimkataa kondoo, itabidi waseme mbele ya watu kwamba mila ya maziko imekufa, na hakuna mzee hapa atakayefungua mdomo kusema hilo wakati udongo wa Duwe bado mbichi. Na wakimpokea, wakamchinja, wakamla, basi wameamua. Nyama ya faini hailiwi pasipo kosa.

Nikamwambia Mama Tluway. Akaacha mwiko.

"Utampeleka yupi?"

Nikasema yule kahawia aliyekonda, anayechechemea. Unajua mimi tena.

"Yule analipa nusu kosa," akasema. "Peleka dume jeusi."

Dume jeusi ni la kwake. Amelilisha kwa mkono, analiweka kwa ajili ya Krismasi, mkia wake umejaa mafuta mpaka linatembea likiyumba kama mke wa diwani. Nikamtazama kama anatania. Alikuwa ameshaendelea na ugali.

Waya nimeshachomoa. Sola yangu nimeilaza kifudifudi kwenye majani, isione jua hata kidogo kesho, nisije nikashikwa na tamaa. Sijui kama watazima wengine. Sijui kama maji yatawahi Jumapili. Huenda yale majaruba ya juu nayo yataondoka, mtoto arudi, na dada apande msituni na pampu yake, na mimi nibaki hapa na hadithi ya kondoo. Nimeliwaza hilo, na sikulipenda.

Lakini kesho saa tatu niko kwa mwenyekiti. Nimeshamtumia Baha ujumbe kumkaribisha, nimemwambia kuna nyama, sikumwambia ya nini, na amejibu upesi kuliko siku zote. Mila inasema mkosaji ndiye anayewakatia wazee. Basi nitamkatia yeye wa kwanza, pande la mkia, lenye mafuta yake. Nitasubiri atafune. Nitasubiri ameze.

Ndipo nitamwuliza kondoo wa kwake anakuja lini.